Walowezi wa Kirene: Historia ya Mashamba ya Kigiriki Kaskazini mwa Afrika

Barabara ya kutoka Benghazi kwenda Derna, mashariki mwa Libya, hupanda Jabal Akhdar. Huu si ule mlima wa Oman wenye jina hilohilo. Ni nyanda za juu za mawe ya chokaa zinazoitazama Bahari ya Mediterania, na mvua yake inawashangaza wanaoijua Libya kwa jangwa tu. Ukiacha lami ukafuata njia za mifugo, mawe yaliyochongwa huanza kujitokeza: nguzo imelala katikati ya shamba la shayiri, jiwe la kukamulia zeituni limezama nusu udongoni, birika lililochimbwa mwambani miaka elfu mbili iliyopita bado linakusanya maji ya mvua. Mapango mengi yaliyo kandokando ya mabonde yamechongwa kwa mkono wa binadamu. Ni makaburi, na hesabu yake ni ya maelfu.

Kitovu cha mabaki haya ni magofu ya Kirene, karibu na mji wa Shahhat, yapata meta 600 juu ya usawa wa bahari. Wasomaji wa Biblia wanalijua jina hilo kupitia Simoni Mkirene, aliyelazimishwa kuubeba msalaba wa Yesu. Wageni wengi huyatazama magofu hayo kama sehemu ya Ugiriki iliyopotelea Afrika. Lakini ukiifuata historia yake tangu mwanzo, unakutana na jambo ambalo Waafrika tunalifahamu vizuri: mgogoro wa ardhi. Nani apewe shamba, nani ahame, na nani mwenye mamlaka ya kugawa. Karibu kila badiliko kubwa la Kirene lilianzia hapo.

Ukame na kiapo, karibu 640–631 KK

Kisiwa cha Thera, ambacho leo watalii hukiita Santorini, ni kidogo na ardhi yake ni ya volkano. Mwanahistoria Herodotus, aliyeandika karne ya 5 KK, anasimulia kwamba mvua iliadimika kisiwani kwa miaka saba hadi miti yote ikakauka, ukabaki mmoja. Watu wa Thera walikwenda kwa kahini wa mungu Apollo huko Delphi, wakaambiwa wakajenge mji Libya. Hawakuwa na habari hata Libya iko wapi. Ilibidi wamtafute Korobios, mvuvi wa Krete aliyekuwa akivua konokono wa kutengenezea rangi ya zambarau, ambaye dhoruba iliwahi kumsukumia kwenye pwani hiyo.

Safari hii haikuwa ya hiari. Bamba la jiwe lililochongwa Kirene karne ya 4 KK limehifadhi maneno yanayodaiwa kuwa ya kiapo cha mababu. Kila nyumba itoe mtoto mmoja wa kiume, na atakayekataa kusafiri auawe. Wakishindwa kabisa kwa miaka mitano, warudi kwenye mali zao. Ili kukikaza kiapo, watu walitengeneza vinyago vya nta wakavichoma moto, wakilaani kwamba atakayekivunja ayeyuke vivyo hivyo, yeye na kizazi chake na mali yake.

Waliondoka na merikebu mbili zenye makasia 50 kila moja, chini ya kiongozi wao Battos. Walipojaribu kurudi, wenzao wa Thera waliwashambulia bandarini wakawazuia kushuka. Wakageuza. Walikaa miaka miwili kwenye kisiwa cha Platea karibu na pwani ya Libya, kisha miaka sita mahali paitwapo Aziris barani. Mwishowe Walibya wenyeji walijitolea kuwapeleka mahali pazuri zaidi. Wakawaongoza hadi kwenye chemchemi iliyo ubavuni mwa mlima, wakawaambia kuwa pale mbingu imetoboka, kwa maana mvua haikosekani. Hapo ndipo Kirene ikaanzishwa, mwaka 631 KK kwa hesabu inayokubaliwa zaidi. Chemchemi hiyo, ambayo Wagiriki waliiweka wakfu kwa Apollo, ingali inatoa maji.

Herodotus anaongeza jambo moja: Walibya waliwapitisha usiku wageni wao katika eneo zuri kuliko yote, Irasa, ili wasilione. Wenyeji walikuwa wakarimu, lakini walijua wanachokilinda.

Mashamba yagawanywa, 600–570 KK

Kwa miaka 56, enzi za Battos na mwanawe Arkesilaos, idadi ya walowezi haikuongezeka sana na hakuna vita vikubwa vinavyotajwa. Wanaume walikuwa wamekuja bila wake, na wengi wao bila shaka walioa mabinti wa Kilibya. Alama za uhusiano huo zilidumu. Karne mbili baadaye, wanawake wa Kirene walikuwa bado hawali nyama ya ng'ombe, kama desturi ya Walibya, na Herodotus anasema ni Walibya waliowafundisha Wagiriki kufunga farasi wanne kwenye gari moja.

Mambo yaligeuka chini ya mfalme wa tatu, Battos wa Pili. Kwa kuungwa mkono na kahini wa Delphi, Kirene ilitangaza ugawaji wa ardhi kwa Mgiriki yeyote atakayekuja, na kahini akaonya kwamba atakayechelewa atajuta. Watu wakamiminika kutoka Peloponnesos, Krete na visiwa vingine. Ardhi iliyogawanywa ilikuwa na wenyewe. Walibya waliopokonywa malisho, pamoja na mfalme wao Adikran, waliomba ulinzi kwa Farao Apries wa Misri, naye akatuma jeshi.

Mapambano yalifanyika karibu mwaka 570 KK huko Irasa, eneo lilelile walowezi walilopitishwa gizani. Wamisri walishindwa vibaya. Habari ziliposambaa nchini mwao, askari waliasi, na uasi huo ukamwondoa Apries na kumpa Amasis kiti cha ufarao. Amasis alichagua amani na Kirene, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Ladike. Kwa Walibya, matokeo yalikuwa mengine: ardhi bora ya mlima ilikuwa imetoka mikononi mwao.

Ndugu wagombana, 560–440 KK

Ushindi ule uliikuza Kirene, kisha ukaipasua. Arkesilaos wa Pili aligombana na ndugu zake, nao wakahamia magharibi wakaanzisha mji wa Barka kwa kushirikiana na Walibya. Mfalme alipowafuata Walibya hao kuwaadhibu, walimvuta mbali hadi Leukon, na kwa mujibu wa Herodotus askari wake 7,000 wenye silaha nzito waliangamia. Muda mfupi baadaye ndugu yake mwenyewe alimuua.

Mji uliochoka ulimwita msuluhishi kutoka Arkadia, Demonax wa Mantinea. Aliwapanga raia katika makabila matatu: watu wa Thera pamoja na majirani wa vijijini, watu wa Peloponnesos na Krete, na watu wa visiwa vingine. Kisha akampunguzia mfalme mamlaka, akamwachia mashamba ya mahekalu na kazi za ukuhani tu. Kwa muda mfupi palitulia.

Arkesilaos wa Tatu hakukubali. Alidai haki za kifalme za babu zake, akashindwa, akakimbilia kisiwa cha Samos. Huko alikusanya jeshi kwa ahadi moja tu: ugawaji mpya wa ardhi. Alirudi, akatwaa mji, akawatesa wapinzani wake, na mwishowe akauawa Barka. Mama yake, Pheretima, alikwenda Misri, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waajemi, akaomba jeshi la kulipiza kisasi.

Waajemi waliizingira Barka miezi tisa bila kuingia, ndipo wakaamua kutumia hila. Usiku walichimba handaki, wakalifunika kwa mbao nyembamba na kurudishia udongo juu. Asubuhi waliwaalika watu wa Barka wakaapa pamoja juu ya handaki hilo: mapatano yatadumu muda wote ardhi hii itakapobaki kama ilivyo. Milango ya mji ilipofunguliwa, Waajemi walizivunja mbao, ardhi ikatitia, na kiapo kikawa kimekwisha. Pheretima aliwatundika mitini wakuu wa mji. Wengi wa waliobaki walipelekwa utumwani hadi Baktria, katika Asia ya Kati. Hawakuwa watu wa mwisho kuhamishwa kutoka mlima huu.

Ukoo wa Battos uling'ara mara moja zaidi. Mwaka 462 KK gari la farasi la Arkesilaos wa Nne lilishinda mashindano ya Delphi, na mshairi Pindar akatunga tenzi mbili kumsifu. Lakini karibu mwaka 440 KK mfalme huyo naye aliuawa, na ufalme ukaisha.

Nafaka, silfio na raia wenye mama Walibya, 440–96 KK

Kirene bila mfalme ilitajirika. Mlima wake una ngazi tatu, pwani, miteremko ya kati na nyanda za juu, na mazao hukomaa kwa zamu. Herodotus anasema mavuno yaliendelea kwa miezi minane ya mwaka. Njaa ilipoikumba Ugiriki karibu miaka ya 330 hadi 326 KK, Kirene ilipeleka nafaka katika miji kadhaa, vipimo 805,000 vya medimno, ambavyo ni maelfu mengi ya tani. Orodha ya waliopokea ilichongwa kwenye jiwe, na Athens ilipata fungu kubwa kuliko wote.

Zao lililoipa Kirene jina, hata hivyo, halikulimwa. Silfio ulikuwa mmea wa porini uliostawi kando ya jangwa. Utomvu wake ulikuwa dawa na kiungo, na picha yake ilipigwa kwenye sarafu za mji. Waliojua kuuvuna ni wenyeji wa nyika, kwa hiyo biashara kubwa kuliko zote za Wagiriki hawa ilitegemea maarifa ya watu waliokwishapoteza mashamba yao.

Aleksanda Mkuu alipofariki mwaka 323 KK, Ptolemaio wa Misri aliitwaa Kirene. Katiba aliyowawekea imehifadhiwa katika jiwe. Ilikubali raia 10,000 wenye mali ya kiasi fulani, na miongoni mwa waliostahili uraia ilitaja watoto wa wanaume wa Kirene waliozaa na wanawake wa Kilibya. Jambo lililokuwa likifanyika majumbani kwa miaka 300 liliingia sasa katika sheria.

Kipindi hicho kilitoa watu wakubwa. Eratosthenes, aliyezaliwa Kirene karibu 276 KK, alikwenda Alexandria akakadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha vivuli. Mshairi Callimachus alitoka hapohapo. Kabla yao, mwanafalsafa Aristippus, mwanafunzi wa Socrates, alikuwa ameshalitangaza jina la mji huo Ugiriki.

Mawe ya mipaka ya Roma, 96 KK–117 BK

Mfalme wa mwisho wa ukoo wa Ptolemaio huko Kirene, Ptolemaio Apion, hakuwa na mrithi. Alipokufa mwaka 96 KK aliwaachia Warumi nchi kwa wosia, na mashamba ya kifalme yakawa mali ya umma wa Roma. Warumi walichelewa kuleta utawala kamili hadi mwaka 74 KK, na kwa muda huo majirani waliingia kwenye mashamba hayo wakalima.

Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Roma kudai chake. Kaizari Claudius alimtuma Acilius Strabo kuipima mipaka na kuamua haki. Watu wa Kirene walimshtaki mbele ya Seneti mwaka 59 BK. Kaizari Nero alisema Strabo hakukosea, ila aliwaachia wakulima ardhi waliyokwishaizoea. Baada yake Vespasian akabadili tena: mawe ya mipaka yenye jina lake yameokotwa vijijini, yakitangaza kwamba mashamba yamerudishwa kwa umma wa Roma.

Mabadiliko ya matumizi ya ardhi yaliua pia silfio. Mwandishi Mrumi Pliny anaandika kwamba waliokodi malisho waliona faida kubwa zaidi kwenye kondoo, na kondoo wakaumaliza mmea. Katika uhai wake, anasema, lilipatikana shina moja tu, likapelekwa kwa Nero kama kitu cha ajabu.

Kisha yakaja maangamizi ya miaka 115 hadi 117. Wayahudi walikuwa wameishi Kirene tangu enzi za Ptolemaio, na uasi wao dhidi ya Roma uliuteketeza mji na watu wengi wa pande zote. Hekalu la Zeus, lenye urefu wa meta 70 hivi na nguzo 46, lilibomolewa. Kaizari Hadrian alileta walowezi wapya na kurekebisha barabara na mabafu, na mawe ya barabara ya kuelekea bandari ya Apollonia yanataja wazi kwamba uharibifu ulitokana na ghasia hizo.

Mashamba yenye ngome, 117–643

Kirene haikurudi kuwa kubwa tena. Mitetemeko ya ardhi, hasa ule wa mwaka 365, iliangusha kilichosimama. Maisha yalihamia vijijini, na magofu mengi yanayoonekana leo mashambani ni ya kipindi hiki: nyumba za wakulima zenye kuta nene, mashinikizo ya zeituni huko Lamluda, makanisa yenye nguzo za marumaru huko al-Atrun juu ya bahari.

Sauti ya kipindi hicho ni Synesius, mwenye shamba aliyekuja kuwa askofu wa mji wa Ptolemais mwanzoni mwa karne ya 5. Barua zake zinalalamikia uvamizi wa makabila ya jangwani na uzembe wa maofisa wa jeshi. Nyingine inawaeleza kwa upendo majirani zake wa bara, watu waliokuwa mbali na pwani kiasi kwamba hawakuamini chakula chaweza kutoka baharini. Samaki wakavu kutoka Misri walipofunguliwa mbele yao, walisema ni nyoka. Walijua yuko kaizari kwa sababu watoza kodi walikuja kila mwaka, lakini jina lake halikuwahusu. Ndio ulimwengu ambao majeshi ya Kiarabu ya Amr ibn al-As yaliukuta mwaka 642. Barka ilikubali kulipa kodi, na jimbo zima likachukua jina la mji huo, Barqa.

Wafugaji, zawiya na wakusanya sanamu, 643–1911

Karne ya 11 makabila ya Banu Sulaym yaliingia na mifugo yao, na mlima ukawa tena nchi ya malisho. Magofu hayakuachwa ukiwa. Makaburi ya mwambani yalikuwa nyumba za familia na mazizi, mabirika yalinywesha ng'ombe, na haki ya kisima ilijulikana ni ya ukoo gani. Mwaka 1843 Muhammad al-Sanusi alijenga zawiya, yaani kituo cha kidini, huko al-Bayda, karibu na mabaki ya Balagrae ya kale, na kutoka hapo tarika ya Sanusiya ikaenea hadi ndani ya Sahara. Zawiya ilisuluhisha kesi za maji na malisho, kazi ambayo Demonax aliifanya miaka 2,400 kabla.

Wazungu walianza kufika kutafuta kitu kingine. Ndugu wawili, Beechey, walichora ramani ya pwani mwaka 1821 na 1822. Mfaransa Pacho alifuata mwaka 1824. Mwaka 1860 maofisa wa Kiingereza, Smith na Porcher, waliingia Kirene, wakaishi ndani ya kaburi na kuchimba hadi mwaka uliofuata. Sanamu zaidi ya 100 zilipelekwa London, ikiwemo ile ya Apollo iliyookotwa ikiwa vipande 121. Wamarekani walianza kuchimba mwaka 1910, lakini Machi 1911 mmoja wao, Herbert Fletcher De Cou, alipigwa risasi akafa. Miezi michache baadaye Italia ilivamia Libya.

Ardhi ya Mussolini, 1911–1943

Mwisho wa mwaka 1913, baada ya mvua kubwa, askari wa Italia waliona marumaru ikichomoza ardhini. Ilikuwa sanamu ya mungu wa kike Venus, isiyo na kichwa. Ikasafirishwa Roma. Kwa watawala wapya, ugunduzi kama huo ulikuwa hoja ya kisiasa: Italia, ilidaiwa, ilikuwa ikirejea kwenye urithi wake.

Wenye mlima hawakukubali. Vita vyao viliongozwa na Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qurani wa Sanusiya, katika mabonde yaleyale yenye makaburi ya Kigiriki. Mwaka 1930 Italia iliwahamisha wakazi wa Jabal Akhdar wapatao 100,000, na mifugo yao, ikawafungia kwenye kambi za jangwani. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Omar al-Mukhtar alikamatwa Septemba 1931 karibu na Slonta, akanyongwa siku chache baadaye. Mlima ulipokwisha kutolewa watu, ulikatwa mashamba. Mwaka 1938 walowezi 20,000 waliletwa kwa merikebu kutoka Italia, na wengi wao wakapewa nyumba nyeupe na ekari zilizopimwa. Vita vya Pili vya Dunia viliwaondoa walowezi wa Jabal Akhdar kabla mizeituni yao haijakomaa vizuri.

Baada ya uhuru, 1951 hadi sasa

Libya huru ilirithi magofu pamoja na maswali yake. Wanaakiolojia, akiwemo Richard Goodchild aliyesimamia idara ya mambo ya kale ya Kirenaika, yaani jimbo la Kirene, walifanya kazi kubwa ya uchimbaji na uchoraji wa ramani. Mwaka 1957 wajenzi wa makazi mapya walikuta sakafu ya kanisa yenye picha 50 za vijiwe huko Qasr Libya. UNESCO iliiweka Kirene kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2008 mahakama ya juu ya utawala ya Italia ilikubali kurudishwa kwa Venus, na sanamu hiyo ikakabidhiwa Benghazi Agosti mwaka huo.

Vurugu za 2011 zilifungua ukurasa mgumu. Hazina ya Benghazi, yenye maelfu ya sarafu na vito, baadhi kutoka hekalu la Artemi la Kirene, iliibwa benki. Mwaka 2013 baadhi ya wakazi walipitisha tingatinga kwenye sehemu ya makaburi ili wajenge na kuuza viwanja. Dunia ilishtuka, UNESCO ikaiweka Kirene kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2016. Kisha Septemba 2023 kimbunga Daniel kilimwaga milimita 414 za mvua al-Bayda kwa siku moja. Maelfu walikufa Derna mabwawa yalipopasuka, na huko Kirene mafuriko yalivunja kuta na kujaza tope barabara za kale.

Ni rahisi kuwalaumu waliopitisha tingatinga, na uharibifu wao hauna fidia. Lakini familia zinazodai viwanja Shahhat ni za ukoo uliohamishwa na Italia, ukarudi, kisha ukaambiwa na serikali mfululizo kwamba ardhi ya babu zao ni hifadhi isiyoguswa. Apries alishindwa, kiapo cha Waajemi kilititia, mawe ya Vespasian yalisahaulika vichakani, nyumba nyeupe za Mussolini ziliachwa. Kilichodumu ni mipango ambayo wenyeji walikuwa na sehemu yao: njia ya chemchemi waliyoionyesha wenyewe, uraia uliomtambua mama Mlibya, haki ya kisima iliyoamuliwa kwenye zawiya. Mpaka wa hifadhi ya Kirene utahitaji kuchorwa nao mezani, wakipata mgao wa kipato cha magofu hayo na kauli juu ya mahali pa kujenga. Bila hivyo utakuwa mstari mwingine tu kwenye ramani ya mlima huu.